Kilo Hamsini na Nane

Ipogolo, Iringa
14 Aprili 2024

Dada Ikupa,

Ugonile. Huku tumeamka salama. Edmund anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara kuu, malori hayaishi, ila kazini anakwenda. Blessing amefunga chuo yuko nyumbani, anakula, analala, anashika simu. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamekauka, tunasubiri kuvunja. Mimi mzima. Shuleni wamenipa tena zamu ya michezo, nawakimbiza watoto wa watu asubuhi na wao wananiita Madamu Spidi. Shemeji Sedekia hajambo? Na Lusekelo?

Naandika kwa sababu mama ameamuru. Alinipigia akasema zile sauti tunazorushiana kwenye grupu la ukoo zimemchosha, tuandikiane barua kama watu waliolelewa, maana mtu akiandika tusi kwa mkono wake huona aibu kulimalizia. Basi naandika. Hii nampa Gwakisa, dereva wenu wa viazi, akisimama hapa kula. Ikichelewa ni yeye, siyo mimi.

Dada, picha ile haikuwa na ulazima. Umekimbia, umenipita, Mungu akubariki. Lakini kuiweka kwenye grupu la ukoo, wewe mbele umeinua mikono, mimi nyuma nimekunja uso kama nimeng'atwa na siafu, halafu chini unaandika TIPA LIMEMPITA SPIDI! Mashangazi wote walicheka. Kaka Benjamini alituma vichwa vya kucheka kumi na saba, nilivihesabu. Ndiyo maana nikajitoa. Wanasema nilikasirika. Sikukasirika, simu ilikuwa haina chaji.

Tipa ni wewe, dada. Ndilo jina ulilopewa na watoto wa Isongole kwa ajili ya mwili wako, na mimi ndiye niliyekuwa nachaguliwa kwenda kukimbia hadi mkoani. Wewe hukuwahi kukimbia hata kufukuza kuku. Umeanza mwaka juzi, ukiwa na miaka arobaini na saba, kwa sababu daktari alikutisha na presha. Mimi nakimbia tangu darasa la nne. Sasa kilomita ishirini na moja, mjini kwangu, kwenye mlima ninaoupanda kila wiki, unanipita kwa dakika saba nzima!

Niambie ukweli. Umefanyaje? Na una kilo ngapi sasa hivi?

Msalimie mama ukienda.

Mdogo wako,
Bupe


Uyole, Mbeya
5 Mei 2024

Mdogo wangu Bupe, Mama Blessing,

Ndaga, asante kwa barua. Gwakisa alikaa nayo wiki mbili chini ya kiti cha lori, ina alama ya mafuta ya chipsi, usidhani ni machozi yangu. Sisi wazima. Baridi imeanza, asubuhi nakimbia na soksi mikononi. Baba Lusekelo anahangaika na viazi, msimu umefunguka, wakulima wanashusha kutoka Isongole mpaka Umalila, uani kwetu hapakanyagiki. Kaka Benjamini alileta vyake Jumatatu, anakusalimu, anasema vile vichwa vilikuwa kumi na tano. Lusekelo amepata kazi Tunduma. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi mzima kabisa.

Haya, picha. Pole. Pole kidogo. Bupe, hivi unakumbuka harusi yangu? Mbele ya wakwe ulisema gauni langu limeshonwa kwa turubai la lori. Watu walicheka, mchungaji akacheka, na mimi nikacheka nao, halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Ulikuwa na miaka ishirini na moja, mwembamba, kila nguo inakukaa. Miaka yote ile umepigwa picha wewe. Moja tu ya kwangu imekutoa grupu!

Umeuliza kilo. Nitakuambia, maana nimefurahi mpaka natamani kumsimamisha mtu njiani nimweleze. Nilipoanza kukimbia nilikuwa na sabini na nne, hizo za kliniki, kadi ipo. Siku mbili baada ya zile mbio, uani hapana mtu, nikavua viatu nikapanda mizani yetu ya magunia, ile ya bamba yenye uso kama saa. Mshale ukaenda, ukasimama hamsini na nane. Nikashuka, nikapanda tena. Hamsini na nane! Mimi! Kilo hizo sijawahi kuwa nazo tangu kipaimara. Nikamwita Baba Lusekelo aje aone. Akautazama mshale, akanitazama mimi, akasema, "Hongera, mke wangu," halafu akaondoka haraka na simu yake sikioni. Wanaume hawajui kusifia.

Dawa hakuna. Natoka Uyole napanda mpaka Isyonje mara tatu kwa wiki, na siku nyingine nasaidia kubeba viazi. Ugali sijaacha, kande sijaacha, ndizi ndiyo kabisa. Mwili wenyewe umeamua.

Tarehe tano Oktoba kuna mbio hapa Mbeya, kilomita zile zile. Njoo. Kitanda kipo, chakula kipo, na mgongo wangu utauona vizuri njia nzima.

Dada yako,
Ikupa


Ipogolo, Iringa
26 Mei 2024

Dada,

Habari za huko. Edmund kikohozi kimeisha. Mahindi tumevunja, panya wametuwahi upande mmoja. Blessing karudi chuo, nyumba imekuwa kimya, nasikia mpaka friji ikiwaka.

Hamsini na nane. Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, nikairudia nimekaa.

Wewe unanizidi urefu kwa kichwa kizima. Una mabega ya baba. Kama mtu wa mabega yale ana hamsini na nane, mimi natakiwa niwe na ngapi? Na usiniulize ninazo ngapi. Nilikwenda zahanati nikapimwa, na nilichokiona kitabaki kati yangu na nesi.

Kocha wa kikundi chetu cha kukimbia anaitwa Jailos, mwanajeshi mstaafu, umri wake kama wetu. Anasema kwa sisi tuliovuka arobaini uzito ndiyo breki. Kila kilo unayoibeba bila kazi inakula kama dakika moja na nusu kwenye kilomita ishirini na moja. Nilikaa na kalamu. Dakika saba gawanya kwa moja na nusu, inakuja karibu kilo tano. Kwa hiyo kukufikia ni kilo tano, kukupita ni nane, kukuaibisha ni kumi. Jailos anasema pia tusizidishe, mtu wa umri wetu akijikausha anavunjika. Lakini Jailos hana dada.

Nikuambie kitu, na mama akitaka aisome. Nakuonea wivu. Unanikaa hapa kooni, hata nikifundisha hesabu unanikaa. Wewe umepata nyumba yenye bati la rangi, umepata biashara, umepata mume anayekuita mke wangu mchana kweupe. Sikusema neno. Mimi nilikuwa na mbio. Mtu wa Isongole akiulizwa Bupe yupi, anajibu yule mkimbiaji. Nilikuwa nacho hicho tu, na wewe umekuja kukichukua kwa mchezo, huku unatafuna kande!

Nitakuja Oktoba. Andaa hicho kitanda, nitakilalia baada ya kukupita.

Bupe


Uyole, Mbeya
30 Juni 2024

Mdogo wangu,

Safari hii siyo Gwakisa aliyechelewesha, ni mimi. Hatujambo. Mama alikuja akakaa wiki moja, akatulaumu kwamba chai yetu nyepesi, akarudi kwake. Lusekelo anatuma salamu. Kuna mchumba huko Tunduma, hajasema lakini ananyoa kila siku.

Tarehe kumi na nne nilikwenda kliniki kupima presha. Iko vizuri, daktari alishangaa mpaka akaita mwenzake aje aone. Uzito pia walipima. Basi, nikarudi nyumbani.

Bupe, ile hesabu yako ya kilo iache. Nilikuandikia yale kwa furaha tu, usiyashike. Mizani ni chuma, inaweza kusema chochote. Mtu anakimbia kwa miguu na mapafu, na milima ya huku inajua kumfundisha mtu kupumua. Hata ukiwa na kilo ulizonazo, ukipanda mlima wenu wa Ipogolo mara tatu kwa wiki utakuwa sawa. Usijinyime. Kula ugali, kula na nyama. Nakuomba mimi dada yako.

Nina ugomvi kidogo na Baba Lusekelo, mambo ya kazi. Yatapita.

Ikupa


Ipogolo, Iringa
14 Julai 2024

Dada Ikupa,

Salamu kwa wote. Edmund mzima, Blessing mzima, mimi mzima kupita wote.

Kula! Wewe uliyeniandikia hamsini na nane ukaitundika na alama ya mshangao, leo mizani ni chuma? Mwezi Mei kilo zilikuwa habari njema, mwezi Juni hazina maana, baada tu ya mimi kusema nakuja Oktoba. Unadhani sikujui? Nyumbani ulikuwa ukiniambia, "Nenda kalale Bupe, umechoka, vyombo nitaosha mimi." Kumbe chini ya sufuria kuna nyama umeibakiza! Leo unaniambia nile ili niende Mbeya nimevimba unipite tena. Umeogopa. Nimefurahi sana kuona umeogopa.

Ugali nimeacha tangu Juni mosi. Nakula mboga, yai moja asubuhi, chai bila sukari. Na inafanya kazi! Kilomita kumi nimekimbia kwa dakika hamsini na tatu, Jailos aliitazama saa yake mara mbili, akanitazama na mimi mara mbili, akaniuliza nakula nini. Nikamwambia nakula vizuri. Sketi za shule nazibana na pini. Mwalimu Faustina, yule tunayekaa naye meza moja, ameniuliza kama naumwa, na mimi nimeichukua kama sifa. Edmund analalamika kwamba usiku mifupa yangu inamchoma, nimemwambia asogee ukutani.

Siku zangu zimekata tangu mwezi uliopita. Nadhani ni umri, na wewe zilikata hivyo?

Umebakiza miezi miwili na nusu ya kuitwa bingwa. Itumie vizuri.

Bupe


Uyole, Mbeya
18 Agosti 2024

Bupe,

Sisi tupo. Baridi imekaza, ndizi za mama zimeungua na umande ulioganda.

Gwakisa atakupa kiroba cha mchele, nilimwagiza anunue Chimala akipita, na maharage ya shamba la kaka Benjamini. Ni vyako, siyo vya wageni wa Edmund. Nimepiga simu mara nyingi hupokei. Nina jambo la kukuambia na haliandikiki. Nimeanza barua hii mara tatu nikachana.

Siku zako kukata kwa namna hiyo siyo umri. Zangu zilipungua taratibu miaka miwili, hazikuzimika kama taa. Nenda kwa daktari, mwambie unakula nini, mwambie ukweli.

Juzi kaka Benjamini alileta viazi. Gunia kumi na mbili, alizijaza mwenyewe, anazijua kama watoto wake. Alisimama mbele ya mizani yetu muda mrefu anakuna kichwa, mwisho akasema mwaka huu viazi vyake vimekuwa vyepesi, labda mbegu imechoka. Baba Lusekelo akamwambia kweli kaka, badilisha mbegu. Mimi nikaenda kumletea chai.

Pokea simu, Bupe.

Ikupa


Ipogolo, Iringa
8 Septemba 2024

Dada,

Tupo. Mchele nimempa Mwalimu Faustina, ana wajukuu. Maharage tumepika, Edmund amekula.

Simu sipokei kwa sababu najua utasema kula. Mama alisema barua, tubaki kwenye barua. Na kama jambo lako haliandikiki basi halikuwa jambo.

Nimepumzika kukimbia siku chache. Mguu wa kulia unauma kidogo, pale juu ya vidole, niliukanyagia vibaya kwenye kokoto. Wiki ijayo narudi mlimani. Umebaki mwezi mmoja kasoro siku tatu. Kilo zangu sikuambii, lakini ukiniona utanyamaza.

Mwambie kaka Benjamini abadilishe mbegu.

Bupe

Mama mkubwa, shikamoo. Ni mimi Blessing, chuo tumefunga niko nyumbani. Mama amenipa bahasha niibandike, naandika hapa chini kabla sijaifunga. Mama hajakanyaga kokoto. Alianguka mlimani akikimbia peke yake, watu wa bodaboda ndio waliomleta. Daktari amesema mfupa wa mguu umeingia ufa, na kwamba umepasuka kwa sababu mwili hauli, siyo kwa sababu ya njia. Wamemwambia asikanyage kabisa, na yeye anachechemea uani akipima kama anaweza kukimbia. Juni alikuwa na kilo hamsini na saba. Sasa ana arobaini na saba. Kila nikimwekea chakula ananiuliza, "Mama yako mkubwa ana ngapi? Na ananizidi kichwa kizima." Naomba asijue nimeandika.


Uyole, Mbeya
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Bupe,

Leo sina salamu nyingi. Nikija utanifungia mlango, na simu hupokei, kwa hiyo nitasema hapa na uisome yote.

Nina kilo sitini na sita. Nilikuwa nazo siku ile ninakupita, na leo ninazo. Hamsini na nane sikuwa nazo.

Mizani yetu imechezewa. Katika kila kilo mia inameza kumi na mbili. Baba Lusekelo aliipeleka kwa fundi miaka minne iliyopita, na mimi kazi yangu ilikuwa kushona magunia na kuongea na wateja wa Dar, mizani ilikuwa yake. Siku ile ya Juni nilitoka kliniki nimeshika kadi inasema sitini na sita, nikaja moja kwa moja uani nikapanda na nguo zile zile. Hamsini na nane. Nikamwita. Akacheka, Bupe. Akasema, "Sasa wewe ulidhani inawapunguzia wakulima peke yao?" Akasema wenzake wote wanafanya hivyo, na viazi ninavyokula mezani vimetoka humo humo.

Kwa nini sikukuambia siku ile ile? Sababu ya kwanza ni aibu. Kukuambia kilo zangu za kweli ilikuwa lazima nikuambie na mizani, na ukijua mizani utajua kwamba kaka yetu tunamwibia na kumpa chai. Sababu ya pili ni mbaya zaidi. Nilisoma ile barua yako ya Mei, ile ya kwamba nakukaa kooni, nikaisoma mpaka karatasi ikalegea. Bupe ananionea wivu mimi, Tipa! Miaka arobaini nilikuwa nakuonea wewe, miguu yako, nguo zako, mama anavyokutaja kwa wageni. Nilitaka nikae nao kidogo wivu wako, msimu mmoja tu, halafu nikuambie. Nikakuandikia kula, kula, nikaona nimetimiza. Nilijua hutaniamini, na bado sikukuambia kitu cha kukufanya uniamini.

Blessing ameniandikia. Usimguse. Barua ilifika Ijumaa. Jumatatu tarehe kumi na sita uani kulikuwa kumejaa, watu wa Isongole, watu wa Umalila, kaka Benjamini naye na magunia yake. Baba Lusekelo alikuwa anapima. Nikaenda nikamwambia apishe. Nikavua viatu, nikapanda mimi kwenye bamba, nikamwita kaka asome mshale. Akadhani ni utani, akasoma kwa sauti, hamsini na nane. Nikamtolea kadi ya kliniki nikamwambia asome na hiyo. Akasoma, sitini na sita, kadi ya Juni. Watu wakacheka kwanza, wakadhani naonyesha nilivyopungua. Nikasema, "Sijapungua tangu Juni hata kilo moja. Iliyopungua ni mizani." Mzee mmoja wa Umalila, Anania, akavua kofia akaanza kuhesabu kwa midomo, mwaka hadi mwaka. Mama mmoja akasema nipande tena ili wa nyuma nao waone. Nikapanda tena. Nilipanda mara nne, Bupe. Mimi niliyekuwa nikisafiri na Baba Lusekelo naficha hata saizi ya sidiria, nilikuwa natangaza sitini na sita mpaka watu wa barabarani wakasimama.

Mizani imepelekwa kata. Baba Lusekelo yuko Chimala kwa mdogo wake, hajasema atarudi lini wala kama atarudi. Kaka Benjamini alipakia viazi vyake bila kuniangalia akaondoka. Mama ameniambia neno moja tu kwenye simu, "Nimesikia," akakata. Kanisani nimekaa benchi la nyuma.

Hayo nitayabeba. Lakini wewe ulikuwa unafukuzana na kilo ambazo hakuna mtu duniani aliyekuwa nazo. Umejivunja mfupa kwa ajili ya uongo wa mizani ya viazi, na mimi nilikuwa nautazama.

Nisamehe kama utaweza. Usipoweza, kula hivyo hivyo.

Dada yako,
Ikupa


Ipogolo, Iringa
5 Oktoba 2024

Dada Ikupa,

Kamwene, kama wanavyosalimiana wakwe zangu. Wamenifunga plasta mpaka chini ya goti. Blessing amekiri, na nimemsamehe kwa sababu sina mguu wa kumkimbiza. Edmund anapika, anachoma sufuria, anajifanya alikusudia.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilikasirika nikaona nyota. Nilipanga nikukasirikie miaka kumi, nilishaamua na mambo ya kukunyima, harusi ya Blessing nisikualike, mama akiumwa nije siku ambazo wewe hupo. Nikakukasirikia mpaka nilipofika pale unapanda kwenye bamba mara ya nne. Hapo ukaniharibia. Nilijaribu kujiona mimi niko juu ya ile mizani mbele ya wale watu, nikajua nisingepanda. Ningejificha nyuma ya magunia. Kwa hiyo nikakuonea wivu tena, na sasa kwa jambo ambalo siwezi hata kulifanyia mazoezi.

Na nikuambie la ndani zaidi. Nilidhani nikiujua ukweli roho itatulia. Haikutulia. Kushindwa na mtu wa kilo hamsini na nane, sawa, nilikuwa nalaumu kilo. Sasa nimeshindwa na mtu wa sitini na sita, ana miaka mitatu zaidi yangu, amekula kande. Jailos nimempelekea hesabu hiyo, akasema, "Mwalimu, huenda dada yako anakimbia tu kuliko wewe." Nilitamani kumpiga kwa gongo langu la kutembelea. Lakini ni kweli, unakimbia kuliko mimi. Nimeandika, na sijafa.

Kaka Benjamini alinipigia. Alisema hataki kukuzungumzia, halafu akakuzungumzia nusu saa. Mpe muda. Aliniuliza kama ni kweli ulipanda mara nne, anataka kuwasimulia watu lakini anaogopa kuzidisha.

Sasa jambo ambalo Edmund halijui, wala daktari. Chakula hakiingii. Tangu Jumanne najua kwamba hamsini na nane ilikuwa uongo, nimejiambia kwa sauti, nimeiandika kwenye karatasi, na bado nikiwekewa sahani naona mshale unapanda. Edmund akigeuka nafunga tonge kwenye gazeti naliweka chini ya mto, Blessing akienda kuoga natupa shimoni. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwalimu, naficha ugali chini ya mto. Naogopa, dada. Mguu daktari anasema utaunga. Hili sijui nani ataliunga.

Leo ndiyo zile mbio za kwenu. Sijui kama umekimbia na mambo yote hayo. Kama umekimbia usiniambie muda wako. Hapana, niambie, nitausikia tu kwa watu.

Halafu panda basi uje. Usilete mchele, usilete maharage, wala usiniambie kula hata mara moja. Kaa mbele yangu mezani na sahani imejaa, ule kama ulivyokuwa ukila nyumbani mimi nikikucheka, ufunge macho kabisa kwa utamu. Unanijua mimi. Sijawahi kuvumilia uwe na kitu ambacho mimi sina.

Mdogo wako,
Bupe